Tope la Balasi

Ko. Ko. Kisha kimya kidogo, kisha maji yakimwagika polepole.

Hiyo ndiyo ilikuwa saa ya Emérence. Kabla muadhini hajaita, kabla taa za hospitali kule juu kilimani Nsambya hazijaanza kufifia, jirani yake Sabah, Mama Habib kwa jina la mwanawe, alikuwa akichota maji ya udhu kwa kata la kifuu. Kila alipochota aligonga mdomo wa balasi mara mbili, ili tone la mwisho lirudi ndani. Ukuta kati ya nyumba zao ulikuwa mwembamba. Emérence alifumbua macho gizani akajisemea, “Mama Habib ameamka salama,” akapiga ishara ya msalaba, ndipo akateremsha miguu chini.

Watu wengine hukumbuka matusi. Emérence alikumbuka sahani. Siku alipofika kwenye ua ule akitokea Kongo, na godoro lake bado limefungwa kamba, Sabah alimletea sahani ya wali iliyofunikwa kwa kitambaa. Hakumuuliza ametoka wapi wala amekimbia nini. Alimuuliza, “Umekula?” Miaka ilikuwa imepita tangu hapo. Mwanawe Elie alikuwa amekwenda Arua kutafuta kazi, naye akabaki akitwanga sombe, majani ya muhogo, uani na kuwauzia Wakongo wenzake, lakini hakuna siku aliyotwanga bila kutenga bakuli moja la Mama Habib.

Sabah alikuwa mjane. Marehemu mumewe alifanya kazi ya reli, na watu wa mumewe na wake walifika Kampala zamani sana kutoka pwani, wakifuata biashara. Balasi lile, mtungi mkubwa wa udongo unaofika kiunoni, lilikuwa la mama yake. Lilikaa pembeni mwa ua chini ya ukingo wa bati, likikinga maji ya mvua. Maji ya kunywa Sabah aliyachemsha jikoni, mbali kabisa. Ya balasi yalikuwa ya kutawadhia, na ya kumpoza uso mjukuu wake Raisa anaposhikwa na homa.

Raisa alikuwa na siko seli, ule ugonjwa wa damu unaokaba viungo mpaka mtoto hajui alale upande gani. Wazazi wake walimwacha kwa bibi yake ili awe karibu na hospitali. Siku nyingi hakwenda shule. Mwalimu wake, Ojera, mtu mpole mwenye pikipiki mbovu, alikuja kumwona akamletea hadubini ya karatasi ngumu iliyokunjwa, yenye kioo kidogo kama punje ya mtama. “Shule ikikushinda kuifikia,” alimwambia, “tazama hata kilicho uani kwenu.”

Raisa akatazama kilicho uani. Alichukua tone moja la balasi, akaliweka juu ya kipande cha kioo, akaelekeza dirishani penye mwanga, na tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na wakazi wengi kuliko wanaojulikana na mwenye nyumba.

“Jaja Emérence! Njoo uone!” alikuwa akiita. Raisa alimwita Sabah Bibi, na jirani akamwita Jaja, kama watoto wote wa Kampala wanavyowaita wazee.

“Nione nini?”

“Wanaoishi ndani ya maji.”

“Mimi? Hapana, mwanangu. Hao waache huko huko.”

Hakumwambia sababu. Mtoto mgonjwa habebeshwi mzigo wa mtu mzima. Mwaka ule wa kukimbia, kambini, Emérence alikuwa na kitinda mimba wake, Victoire, mtoto wa kupenda kucheka. Maji ya pale yalikuwa meupe, yanang'aa, unaweza kuhesabu kokoto chini. Victoire aliyanywa. Kipindupindu hakikumpa mama muda hata wa kutafuta blanketi jingine. Alimkesha peke yake, maana kila hema lilikuwa na wake wa kukesha. Baadaye watu wa msaada walipita wakiwafundisha kutia javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, na tangu hapo Emérence hakuyaamini maji ambayo hayanuki javeli. Alitia ya kuoga, ya kuoshea vyombo, hata ya kunyunyizia sakafu. Sabah alimtania: “Mama Elie, siku moja utatia na kwenye chai.”

“Nikitia kwenye chai yako utaishi miaka mia.”

“Kale, sawa, lakini nitaishi bila ulimi.”

*

Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha, jua limeanza kukaza, Raisa alipozidiwa. Wakampandisha hospitali, na Sabah akalala naye huko. Kabla ya kuondoka alimpa Emérence ufunguo mkononi. “Nitazamie nyumba, dada yangu.” Hakuwahi kumwita dada.

Neno lile lilimtia Emérence nguvu kama uji wa moto. Alifagia, akafua mashuka, akasugua masufuria mpaka yakawa vioo. Halafu akafunua balasi.

Maji yalikuwa ya kijani. Juu yalielea majani madogo kuliko dengu, yamebanana kama kitambaa. Kuta za ndani ziliteleza. Chini kulikuwa na tope jeusi, laini, linalonuka mvua. Emérence akashika kifua. Maskini Mama Habib, akawaza, mgongo umemshinda kuinama, na mimi niko hapa mlango wa pili nakula wali wake bila kuona. Na mtoto mgonjwa anapanguswa uso kwa maji haya!

Alifanya kazi ile kutwa. Aliyamwaga maji mtaroni. Tope alilichota kwa mikono akaliweka kwenye karai kuukuu nyuma ya jiko, maana kwao hakuna mwanamke anayetupa tope zuri. Angelipandia lengalenga, mchicha wa kwao, mvua zikirudi. Kisha akasugua balasi kwa mchanga, akalisuuza, akatia javeli, akalijaza maji ya bomba, akatia javeli nyingine kidogo kwa upendo. Alikuwa akiimba. Jioni balasi lilikuwa safi kama jino la mtoto.

Raisa aliporudi, amekonda, shingo imekuwa nyembamba kama shina la ua, hakutaka kwenda kitandani kwanza. Alitaka hadubini. Sabah akamshika mkono mpaka kwenye balasi. Emérence alisimama kando, mikono ameikunja juu ya kanga, akingoja kuona nyuso zao.

“Bibi,” Raisa alisema, “yananuka.”

Akachukua tone. Akaelekea mwanga. Alitazama, akafuta kioo, akachukua tone jingine, akatazama tena. Kisha akaishusha hadubini taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli.

“Hakuna mtu,” alisema. “Humu ndani hakuna mtu.”

Sabah aliinamia balasi. Aliona lilivyong'aa. Akamgeukia jirani yake, akatabasamu kwa midomo tu.

“Asante, Mama Elie. Umejichosha sana.”

Ni maneno mazuri. Lakini Emérence aliyasikia yakifungwa kama mlango.

*

Alfajiri iliyofuata aliamka mwenyewe. Akangoja. Muadhini akaita, na bado alikuwa akingoja. Kwa mbali, ndani ya nyumba ya pili, alisikia jagi la plastiki likiwekwa sakafuni, kisha maji membamba, kisha basi. Ko ko haikuja. Wala kesho yake.

Raisa naye aligeukia ukuta. Emérence alimpelekea uji wa mtama uliotiwa karanga. Mtoto akasema, “Asante, Jaja,” kwa adabu, na uji ukapoa ukaota ngozi juu. Daktari alikuwa amesema dawa zitafanya kazi yake, lakini mtoto ale, anywe, ainuke atembee, asilale tu. Damu ile haipendi kulala. Na Raisa alilala tu.

Emérence akachukua chupa mbili akashuka bondeni, kwenye chemchemi. Akachota. Akapita mtaroni penye magimbi, akachota na hapo, akizuia pumzi, kwa maana mkono wake haukuwahi kuchota maji kama yale kwa hiari. Akampelekea Raisa chupa zote mbili, mtoto akajikongoja kuketi, akatazama kwa heshima.

“Wapo?” Emérence aliuliza.

“Wapo, Jaja. Lakini ni wageni. Siwajui.”

“Si mtazoeana?”

Raisa aliiweka hadubini chini. “Wangu walikuwa wananikesha. Usiku nikiumwa Bibi analala, amechoka, sitaki kumwamsha. Basi nawaza, pale kwenye balasi hawalali. Wanazunguka tu, wanazunguka. Nasema, kumbe kuna mtu macho pamoja nami.” Akalala tena. “Hata Babu alikuwemo.”

“Babu yupi?”

“Mwenye magurudumu.”

Emérence alitoka nje akakaa kwenye kinu chake kilichopinduliwa. Alijua kukesha ni nini. Alijua kukesha peke yako ni nini zaidi. Akaona sasa alichokifanya: mtoto alikuwa na watu wa kumkesha, naye amewamwagia javeli.

Sabah alikuwa akianika nguo. Emérence alimwita kutoka pale pale alipokaa.

“Mama Habib. Mimi niliogopa.”

“Uliogopa nini?”

Ndipo akamweleza habari za Victoire. Hakuwahi kumweleza mtu Kampala. Alieleza kwa maneno machache, kokoto chini ya maji, kicheko, blanketi. Sabah alibaki ameshika upande mmoja wa shuka, na upande wa pili ukaburuta chini akausahau.

“Na mimi,” Sabah alisema mwishowe, akaja akakaa chini karibu na kinu, “nilidhani umeona nyumba yangu chafu, ukanisitiri bila kusema. Nimeona haya mpaka nimeshindwa kuligusa lile balasi. Mama yangu alikuwa mtu safi, Mama Elie. Nikalitazama linavyometa, nikasema, jirani amenifundisha usafi uzeeni.”

“Yesu wangu! Wewe? Wewe unayefua mpaka kamba ya kuanikia?”

Sabah akacheka bila kutaka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. “Sasa tufanyeje? Mimi na wewe tumepatana. Huyo ndani bado hali chakula.”

*

Emérence alitafuta kazi ya mikono. Alikwenda nyuma ya jiko aandae udongo wa lengalenga. Karai lilikuwa pale pale. Jua lilikuwa limelikausha tope hadi likapasuka vipande, kama ngozi ya kisigino. Alichukua kipande kimoja akataka kukivunja.

Mkono ukasita.

Kwao, kiangazi, ardhi ya bondeni hupasuka hivi hivi. Ng'ombe huipita, watoto huicheza, mtu anaapa hakuna uhai ndani yake. Halafu mvua ya kwanza inapiga, na usiku ule ule vyura wanaimba. Hakuna aliyewaleta. Walikuwa wamelala tu.

Alikibeba kile kipande kwa viganja viwili, kama yai.

“Raisa. Hili ni tope la balasi.”

Mtoto aligeuka. Alitazama kipande, akamtazama Jaja. “Ulilitoa lini? Kabla ya dawa?”

“Kabla.”

“Kabla kabisa?”

“Mwanangu, nani anatia dawa kwanza ndipo atoe tope? Mimi ni mama wa nyumba.”

Kwa mara ya kwanza tangu arudi, Raisa aliketi bila kushikwa. “Mwalimu alisema wengine wakikauka hawafi. Wanajikunja wanangoja.” Alikigusa kwa ncha ya kidole. “Lakini tusitie ya bomba, Jaja. Yananuka dawa. Watadhani ni wewe tena.”

Sabah, aliyekuwa mlangoni, alikohoa kuficha kicheko.

Mvua yenyewe haikuwa na haraka. Wingu lilipanda juu ya kilima cha Lubaga likarudi, likapanda tena. Wale wanawake wawili, mmoja na tasbihi yake na mwingine na rozari yake, walikaa barazani wakiitazama mbingu kama watu wanaosubiri mgeni. Alasiri ikanyesha, kubwa, ya kelele, na Emérence akasimama ukingoni mwa bati na sufuria, akalowa mgongo mzima. Walitia maji yale kwenye bilauri, wakabomolea tope ndani kidogo kidogo. Likazama. Maji yakawa ya kahawia, yakatulia. Raisa akaomba bilauri iwekwe dirishani, karibu na kichwa chake, na akanywa uji. Alisema atahitaji nguvu ya kutazama.

Asubuhi Emérence alibisha hodi. Raisa alikuwa ameshaketi kitandani, hadubini jichoni, mdomo wazi kidogo. Hakujibu hodi. Sabah aliweka kidole midomoni. Wakangoja wote wawili, wakisikiliza pumzi za mtoto.

Kisha mtoto akacheka. Kicheko kidogo, cha puani.

“Babu ameamka,” alisema. “Jaja, njoo.”

Na Jaja akaja. Aliishika hadubini, akaiweka jichoni, akaona kitu cheusi chenye nywele.

“Naona nyani.”

“Ni kope zako, Jaja! Funga jicho la pili.”

“Nikifunga hili na lile linafuata.”

Sabah akamzunguka nyuma, akamfunika jicho la pili kwa kiganja chake. Kiganja kilikuwa na joto, kinanukia karafuu. “Haya,” alisema sikioni. “Mimi nimekushikia. Tazama.”

Mwanzoni palikuwa na mwanga tu, wa rangi ya asali. Kisha mwanga ukawa na kina, kama mtu anapozoea kiza cha kanisa. Vijiwe vilining'inia ndani yake. Na kati ya vijiwe, akiwa amejishikiza kwa mguu wake mmoja, alikuwepo mtu wa kioo. Mwanga ulipenya mwilini mwake, moyo au tumbo, hakujua, likitafuna tafuna ndani. Kichwani alikuwa na magurudumu mawili, nayo yalizunguka, yalizunguka, hayana haraka wala hayachoki, na chembe zote za ulimwengu ule mdogo zilimjia zikicheza.

Emérence alisahau kwamba ana mgongo. Alisahau uani kuna sombe inayomngoja. Ilionekana kwake kwamba amesimama chini ya maji, na maji hayamdhuru. Kwamba kila tone alilowahi kulimwaga lilikuwa na chumba kama hiki, na taa ndani. Mtu wa kioo akajikunja akawa punje. Akangoja. Akajikunjua tena, akatoa magurudumu yake, akaendelea na kazi, kana kwamba kiangazi chote kilikuwa usingizi wa mchana.

“Huyu alikauka?” alinong'ona.

“Alikauka kabisa, Jaja.”

“Na hana kinyongo.”

“Hajui kinyongo. Ana magurudumu tu.”

“Hata marehemu mume wangu mmemfanya mdudu,” Sabah alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebembelezwa.

“Siyo mdudu, Bibi. Ni mtu wa reli.”

Machozi ya Emérence yalidondoka, moja likaangukia kioo, na Raisa akapiga kelele kwamba Babu atakula chumvi. Sabah akaondoa kiganja ili afute kioo, na Emérence akabaki akipepesa macho kama mtoto aliyeamshwa. Aliwaza kwamba yale maji ya kambini aliyaogopa miaka yote kwa haki, na ataendelea kutia javeli katika ya kunywa mpaka afe. Lakini aliwaza pia kwamba usiku ule, alipodhani yuko peke yake na Victoire, labda ndani ya umande kwenye turubai, ndani ya jani lolote lililolowa, kulikuwa na mtu anazunguka zunguka, hajalala.

*

Walilisuuza balasi kwa mvua tena na tena, mpaka Raisa akanusa akakubali. Likajazwa maji ya mawinguni, na tope likarudishwa lote. Lengalenga zikakosa mbolea. Emérence alipanda hivyo hivyo. Raisa alikuwa akitoka kila asubuhi na bibi yake, hatua mbili tatu zaidi ya jana, kwenda kuchukua tone. Kijani kilirejea kidogo kidogo: kwanza nyuzi zenye utepe uliojizungusha ndani, ambazo Sabah alisema ni ukili wa mkeka, kisha vimwezi vyembamba, vya kijani, vimelala juu ya mwanga. Alipoviona Sabah akasema, “Hilali. Hilali ndani ya tone.” Akavitazama kila siku baada ya swala, na aliudhika kweli kweli Raisa alipomharakisha.

Siku moja gizani, Emérence akiwa bado kati ya ndoto na kitanda, ilikuja.

Ko. Ko.

Hakupiga hata msalaba. Alijifunga kanga, akachukua sufuria ya uji, akachukua na bakuli la sombe, akachukua na kitambaa cha kufutia, kwa mazoea, na kichupa cha javeli. Akatoka uani. Sabah alikuwa ameinama juu ya balasi, mikono inatiririka maji, na mlangoni nyuma yake alisimama Raisa ndani ya sweta kubwa la bibi yake, kwa miguu yake mwenyewe.

“Mmeamka salama?”

“Tumeamka wote,” Raisa alisema, akaonyesha balasi kwa kidevu.

Emérence aliweka vitu vyake chini, wakakaa barazani wakanywa uji mpaka bati likaanza kupata rangi. Alipoinuka kwenda kwenye kinu chake, Sabah aliokota kitambaa na kile kichupa, akakinusa, akatikisa kichwa, akampa vyote mikononi.

“Dada yangu,” alisema, “kesho uje tena. Lakini uje mikono mitupu.”